Mbona muvi za kale za Kerala zachoma hivi?

SWALI: Asalaam aleikum dada, naangalia muvi za zamani za Kimalayalam, lugha ya kule Kerala, kusini mwa India, watu hata hawashikani lakini moyo wanienda mbio, kwani ni nini? – Msomaji, Kuze

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Manake tamaa pale inafichwa, na kilofichwa ndo huchoma. Chukua Chemmeen ya 1965, ya mwelekezi Ramu Kariat, jina lenyewe maana yake ni kamba, hawahawa twawapika na nazi. Karuthamma ni binti wa mvuvi Mhindu, ampenda Pareekutty, mchuuzi wa samaki Muislamu, haiwezekani kabisa, na wavuvi waamini mke akienda kombo huku nyuma bahari yamchukua mumewe, basi yule dada ashaozwa kwengine na Pareekutty bado yuko ufuoni usiku aimba peke yake, wallahi mimi hapo hulia kila mara, labda kwa vile nimezaliwa na sauti ya mawimbi dirishani. Halafu tafuta Thoovanathumbikal ya mwelekezi Padmarajan, 1987: Jayakrishnan aandika barua ya kwanza kwa Clara, mvua nayo yaanza kunyesha. Ni kalamu, karatasi na mvua tu, lakini we utahisi mwili wasisimka.