Kwa Mnaoingia Kazi ya Pweza: Tuliyojifunza kwa Mzee wa Mizani

Ninawaandikia vijana mnaoanza kazi katika vituo vya kununulia pweza, Mafia, Kilwa na kwingineko katika pwani yetu, na ninamkumbuka mtu ambaye sisi tuliofanya kazi Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, tulimwita Mzee tu. Alianza ujanani kwa kubeba barafu, akastaafu akiwa msimamizi wa kituo, na sasa ametangulia mbele ya haki. Msibani watu walimsifu kwa upole na ibada, na walisema kweli. Mimi niliyekaa karibu na mizani yake ningeongeza sifa moja ambayo kazi hii huwanyang'anya wengi: alikuwa mume na baba aliyeonekana nyumbani kwake.

Saa za kazi hii haziko mikononi mwa mwajiri wala mwajiriwa, kwa sababu hupangwa na mwezi. Pweza wa mwambani hutafutwa maji yakipwa sana, nayo hupwa sana wakati wa bamvua, katika siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo maji hufika chini kabisa mnamo saa 4 asubuhi, wanawake na wanaume wakiwa wametapakaa juu ya mwamba, na mchana mashua huanza kuleta mzigo ambao ni lazima usafishwe, upimwe na ufunikwe barafu siku hiyo hiyo, hata kama kazi itafika usiku wa manane. Kisha huja maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, karibu na tarehe 7 na tarehe 22 za mwezi wa Kiislamu, na kituo hupoa.

Wengi huzimalizia siku hizo za maji mafu barazani. Mzee alizihesabu kuwa haki ya familia yake. Kila mwaka alinunua kalenda mbili zenye tarehe za Kiislamu, akazungushia siku za bamvua kalamu nyekundu, moja akaitundika kituoni na nyingine akampa mkewe. Kikao cha wazazi shuleni, safari ya kuvuka kwenda Nyamisati, bara, kumpeleka mama mkwe hospitali, kuezeka upya paa, hata siku ya kupokea posa ya binti yake, vyote viliwekwa maji mafu, na mkewe hakuwa na haja ya kumuuliza atarudi lini. Kwa hiyo, kabla hujanunua gambuti za kazi, kaa na mwenzako muipitie kalenda ya mwaka mzima pamoja. Bahari inakupa ratiba mapema kuliko ofisi yoyote ninayoifahamu, na asiyeitumia hana budi kuwaeleza wanawe kwa nini hakuwapo.

Liko jambo moja gumu, nalo ni Idd el-Fitr. Kwa kuwa huangukia mwezi mosi Shawwal, kila mwaka hukutana na bamvua, wakati kampuni inapotaka mzigo mkubwa. Idd el-Hajj ni nyepesi zaidi, kwani tarehe 10 maji huwa hayajapata nguvu. Mzee hakufungua mizani siku ya Idd Mosi hata mara moja, na hakuwahi kugombana na mtu kwa sababu hiyo, maana aliwaandikia wakubwa tangu mwanzoni mwa Ramadhani, akaeleza barafu itakayohitajika, siku ambayo mzigo ungeanza kupokelewa, na nani angelinda ule uliokwisha kufunikwa. Ruhusa hutolewa kwa moyo mweupe pale anayeiomba anapokuwa ameshaipanga kazi atakayoiacha nyuma. Huko mwambani nako kulikuwa kutupu, kwa kuwa wavuvi wenyewe walikuwa wameketi na watoto wao.

Kwenye mizani, jifunzeni kutumia vidole. Pweza akilowekwa katika maji baridi ya kisima huyanyonya, uzito wake ukaongezeka, na nyama yake ikalegea, kisha mnunuzi wa Italia au Ureno akaukataa mzigo wote. Mzee alikuwa akiuminya mkono wa pweza pale unapoungana na kichwa, akatazama kama nyama inarudi mahali pake. Aliyelowekwa hubonyea, akawa amevimba na kupauka. Alipompata wa namna hiyo alimwita mvuvi pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini, hasa kama mvuvi amekuja na mwanawe. Alituambia kwamba mtoto asimsikie baba yake akiitwa mwizi kwa ajili ya kilo mbili. Mzigo aliukataa vilevile, lakini mvuvi huyo alirudi bamvua lililofuata na pweza safi.

Wale wadogo chini ya gramu 500, ambao kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinawakataza, aliwakataa hata ghala lilipokuwa tupu. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai yake bila kula, na hufa yakishaanguliwa. Ukimnunua kabla ya hapo umenunua na kizazi chake. Kwa kuwa hukua upesi, jamii nyingi hufunga mwamba, yaani husimamisha uvuvi wa pweza hapo, kwa miezi michache ili wapatikane wakubwa. Andavadoaka, huko Madagaska, walianza mwaka 2004, na Kisiwa Panza kule Pemba nako hufanya hivyo. Mwamba ukifungwa, anayeuvunja utaratibu huo ni mnunuzi anayepokea pweza wa usiku bila kuuliza wametoka wapi. Msiwe nyinyi.

La mwisho ni daftari. Kituo hutoa fedha mbele kwa wavuvi, na mara nyingine kituo ndicho kinachodaiwa, fedha za kampuni zikichelewa. Kila maji mafu Mzee alifunga hesabu ya bamvua lililopita nyumbani kwake, mkewe akisoma majina na yeye akihakiki, na baadaye kazi hiyo ya kusoma ikawa ya kijana wao mkubwa. Siku ya maziko, imamu alipouliza kama yupo anayemdai marehemu, kijana huyo alisimama akaeleza kwamba yapo madai mawili madogo ya wavuvi wa Jibondo, kisiwa jirani, akawataja, na akasema watalipwa siku ile ile. Walilipwa kabla ya alasiri. Andikeni daftari lenu kwa mwandiko ambao mke au mume wako anaweza kuusoma, majina kamili, tarehe na kilo, na asiachwe mtu wa nyumbani asiyejua linawekwa wapi.