Antivairasi baadaye, anza na imeili yako

Mimi siyo mtu wa kompyuta, kazi yangu ni mahesabu, nazunguka maduka na ofisi ndogo ndogo za Kariakoo, Ilala mpaka Sinza kuwafungia watu vitabu na kuwaandalia ritani za TRA. Kila nikikaa na mwenye biashara tukagusa usalama wa kompyuta swali ni lile lile, eti antivairasi gani nzuri ninunue. Jamani, Windows 10 na 11 zinakuja na antivairasi yao ya Defender bure kabisa, iache iwake, mengine tuongee. Maana hela nyingi ninazoona zikiponea chupuchupu hazipiti kwenye vairasi, zinapita kwenye imeili.

Kuna mteja wangu analeta taa za ndani kutoka Guangzhou, saplaya wake ni wa siku nyingi, mambo yao yote ni kwa imeili. Siku ya kulipia mzigo ikaingia profoma, nembo ile ile, salamu zile zile za Mchina wake, ila chini wameandika akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipia kwenye hii mpya. Bosi keshaanza kujaza fomu ya benki. Dada wa mauzo ndo akagoma, mbona mzigo unatoka China alafu benki iko nchi nyingine kabisa, akampigia Mchina kwa WeChat, jibu likaja sisi hatujabadilisha kitu. Tulipoikuza ile adresi kwenye skrini ndo tukaona pale penye m wameweka r na n zimebanana, kwa macho ya haraka hata wewe ungepita.

Sasa walijuaje kuwa siku hiyo ndo ya malipo? Walikuwa humo humo ndani wanasoma. Tukafungua setingi za Gmail kwenye kompyuta, sehemu ya fowadi na sehemu ya filta, tukakuta kila imeili yenye neno invoisi inatumwa kopi kwenye adresi ambayo hakuna mtu pale ofisini anayeijua. Na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanabadilisha paswedi alafu wanalala usingizi, kumbe ile fowadi inaendelea kufanya kazi kama kawa mpaka uifute mwenyewe. Kwenye app ya simu huzioni hizo setingi, lazima ukae kwenye kompyuta. Ukimaliza angalia pia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako, usichokitambua kitoe. Paswedi yenyewe? Jina la duka na mwaka, imebandikwa kwenye monita, mteja akija kuuliza bei ya balbu anaisoma.

Kwa hiyo weka paswedi ndefu, maneno manne matano yasiyohusiana yanatosha, isiwe ile ile unayotumia kila mahali, alafu washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani paswedi peke yake haitoshi, mpaka uthibitishe na kwenye simu yako. Google watakupa na zile namba 10 za akiba za kuingilia simu ikipotea, ziprinti ufungie kabatini na leseni ya biashara. Na sheria moja ya ofisi isiyo na mjadala: akaunti ya benki ikibadilika, mtu anapiga simu kwa namba ya zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye imeili mpya. Hata bosi akiwa na haraka. Hasa bosi akiwa na haraka.

WhatsApp nayo ni hivo hivo. Zile namba sita za kufungulia akaunti zikiingia kwa sms hazitoki kwako, hata aliyekuomba ni memba mwenzio wa kikoba, maana yeye mwenyewe huenda keshaporwa akaunti na wanaokuchatisha ni wengine. Weka PIN ya hatua mbili, dakika moja imeisha. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zifowadi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Steshenari: flashi yako ikirudi na mafolda yote yamegeuka shotikati, ujue umebeba kitu, usiichomeke kwenye kompyuta ya mahesabu. Ila wengine kwa kukimbia flashi wanafungua Gmail yao kwenye kompyuta ya steshenari, wanaprinti, wanaondoka imebaki wazi, sasa hapo si bora hata vairasi! Mtumie mwenye steshenari faili kwenye WhatsApp yake, basi.

Fundi akikuambia zima antivairasi kwanza ndo Windows iingie, hiyo ni Windows ya kukraki, ya wizi, na hujui imeingia na nani. Na kompyuta za mtumba nyingi haziwezi kubeba Windows 11, wakati Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Vairasi ya WannaCry ya Mei 2017, ile ya kufunga mafaili na kudai hela, ilizifunga kompyuta za dunia nzima wakati Microsoft walishatoa kiraka tangu Machi, watu hawakuapdeti tu. Mashine isiyopata apdeti iachie kazi ya kuprinti risiti, mambo ya benki usiyafanyie hapo. Bakapu, yaani kopi ya mafaili yako, weka kwenye diski ya nje, ukimaliza ichomoe, isikae begi moja na laptopu.

La mwisho, na hili nakutana nalo sana: laini ya WhatsApp ya duka imesajiliwa kwa NIDA ya kijana wa kazi. Akiacha kazi kwa ugomvi, ile laini kisheria ni yake, anaenda kuirudisha na wateja wako wote anaondoka nao. Piga *106# kwenye simu ya duka leo uone laini iko kwa jina la nani, kama siyo lako wala la kampuni, nendeni wote wawili dukani mkabadilishe umiliki wakati bado mnasalimiana.