Vali ya baba: katheta au kufungua kifua?

Ndugu wa Tukuyu, nimekuelewa: baba yako ana miaka 68, vali yake ya aota (mlango wa kutolea damu kwenye moyo) imebana, afya yake kwa jumla ni nzuri, nanyi mnasita kati ya kuwekewa vali mpya kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na upasuaji wa kufungua kifua. Utafiti wa PARTNER 3, uliolinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa 1,000 ambao upasuaji ulikuwa na hatari ndogo kwao, haukuonyesha mshindi wa wazi kwa vifo na kiharusi baada ya miaka 5.

Mgonjwa wa katheta huinuka mapema, ilhali baada ya upasuaji mfupa wa kifua huchukua wiki kadhaa kuunga, na muda huo wote mgonjwa hapaswi kubeba hata mkungu wa ndizi. Hata hivyo, baadhi ya vali za katheta huongeza uwezekano wa kuhitaji betri ya moyo, yaani kifaa cha kurekebisha mapigo.

Muulizeni daktari kama vali ina vipande viwili badala ya vitatu, maana wagonjwa hao hawakujumuishwa katika utafiti huo, na kama kuna vali nyingine iliyoharibika, jambo ambalo kwangu lingeelekeza kwenye upasuaji. Akiwekewa vali ya chuma, atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote na kupimwa damu mara kwa mara. Hakikisheni kipimo hicho kinapatikana Mbeya.

Akizimia, akibanwa kifua au akikosa pumzi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.