Bring forward si kusogeza mbele: misemo ya muda iliyonifunza kazi

Nilikuwa na miezi minne tu katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam nilipopokea barua pepe ya mteja wetu aliyekuwa Uingereza. Ilikuwa ya mistari mitatu, na mstari wa kati ulisema the arrival has been brought forward to Tuesday. Bosi alikuwa mlangoni, funguo za gari mkononi. Akaniuliza, "Wanasemaje kuhusu meli?" Nikamjibu, "Wameisogeza mbele, mzee. Jumanne." Akasema sawa, akaondoka.

Meli ilitarajiwa Ijumaa. Jumanne niliyoielewa mimi, na aliyoielewa bosi, ilikuwa ya wiki iliyofuata. Mteja alimaanisha ya kesho kutwa. Kwa Kiswahili kitu kikisogezwa mbele kimeahirishwa: harusi ikisogezwa mbele, uchaguzi ukisogezwa mbele, kila mtu anajua kuwa siku zimeongezwa. Kwa Mwingereza, bring forward ni kuwahisha. Meli ilitia nanga nyaraka zikiwa hazijakamilika, malori tuliyoyategemea yako njiani kwenda mikoani, na makontena mawili yakakaa bandarini hadi siku za kuhifadhi bila malipo zikaisha na gharama zikaanza kuhesabika. Mzee hakunifokea. Aliiweka ankara mezani kwangu, akasema, "Binti, soma vizuri." Nililia kwenye daladala njia nzima.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba misemo ya Kiingereza nilikuwa nimeisoma. Shuleni tulikaririshwa misemo mingi, nami nilikuwa hodari. Nilijua better late than never ni kawia ufike. Nilijua a stitch in time saves nine ni usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilijua kwamba Mwingereza anapomtazama mhunzi na kusema strike while the iron is hot, sisi tunamtazama mfinyanzi na kusema udongo uwahi ungali maji. Hizo ndizo rahisi. Ni methali, na methali hujitangaza: ukiiona unajua hapa pana fumbo, unasimama kidogo. Inayoumiza ni misemo midogo ya maneno mawili matatu, inayojificha katikati ya barua ya kazi na kuonekana kama Kiingereza cha kawaida.

Baada ya ankara ile nilinunua daftari jipya. Mpangilio wa alfabeti niliuacha. Kwa misemo ya tarehe nilichora safu mbili tu: inayovuta siku karibu, na inayoisukuma mbali. Upande wa karibu niliweka bring forward na move up. Upande wa mbali niliweka push back, put back, put off na hold over. Itazame vizuri hiyo push back. Ukiifuata neno kwa neno unapata kusukuma nyuma, na Mswahili akisikia tarehe imerudishwa nyuma anaelewa imewahishwa. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno hapa haikupotoshi kidogo. Inakupa kinyume chake. Nakushauri uanze na kundi hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu ndilo linalokula pesa.

Ukiona aibu kuuliza, jua kwamba wenye lugha nao hugongana. Watafiti wa saikolojia wamewahi kuwauliza wazungumzaji wa Kiingereza swali moja jepesi: mkutano wa Jumatano umekuwa moved forward siku mbili, sasa ni lini? Wapo waliojibu Jumatatu na wapo waliojibu Ijumaa. Tangu nilipolisoma hilo sijawahi tena kuona haya kuandika, "Unamaanisha Jumanne tarehe ngapi?"

Kundi la pili ni la haraka iliyovishwa adabu. Please reply at your earliest convenience. Nilipoisoma mara ya kwanza nilielewa wananiambia nijibu nikipata nafasi, na kwa malezi yetu mtu akikuambia "ukipata nafasi" amekupa nafasi kweli. Mwandishi wa barua hiyo anataka jibu upesi, leo au kesho, ila ameona si heshima kukuamrisha. Ndivyo ilivyo na sooner rather than later: inasikika kama maoni, kumbe ni agizo. Na mteja akikuandikia about time, usimshukuru. Nilimshukuru mmoja. Alikuwa ananiambia nimemchelewesha mno, nami nikamjibu asante sana kwa furaha, akanyamaza siku tatu. Siku hizi nikiliona neno hilo najibu kwa kuomba radhi kwanza, halafu nafafanua.

Kwa misemo ya kuchelewesha, dawa iliyonisaidia ni kutoitafuta maana ya Kiingereza kwa Kiingereza. Natafuta Waswahili wanasemaje jambo hilohilo likiwatokea. On the back burner ilinisumbua sana. Kamusi ilinieleza habari za jiko lenye sehemu nne za moto, zile za nyuma zikiwa za moto mdogo, chakula kinachosubiri kinawekwa huko. Jiko letu nyumbani lilikuwa la mkaa, lina sehemu moja tu ya sufuria, picha ile ikawa haikai kichwani. Siku moja namsikia mtangazaji wa mpira redioni akisema timu fulani ina mechi mbili za kiporo. Hapo hapo nikaelewa. Kazi iliyowekwa on the back burner ni kiporo: haijatupwa, imelazwa, italiwa baadaye. Nayo kick the can down the road, yule anayelisukuma tatizo mbele kila linapomfikia badala ya kulitatua, ni danadana. Yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anaijua danadana bila kamusi. Ukiunganisha msemo wa kigeni na jambo uliloliishi, hutausahau.

Mingine tunaielewa upesi kuliko hata wenyewe. At the eleventh hour ni kufanya jambo dakika za mwisho, mlango ukikaribia kufungwa. Mwingereza wa leo akihesabu saa yake ya kumi na moja anapata saa tano yetu, ya asubuhi au ya usiku, na maana haimjii moja kwa moja. Lakini msemo unafanana na ule mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, ambako mwenye shamba anawaajiri watu asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Siku ile ilihesabiwa tangu jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi. Saa kumi na moja ni jioni, kazi imebaki ya saa moja tu. Mtoto wa Kiswahili anaelewa papo hapo. Furaha niliyoipata siku nilipogundua hili ni kubwa. Kwa mara ya kwanza Kiingereza kilikuwa kimekuja nyumbani kwangu, si mimi kwenda kwake.

Kuna msemo mmoja ambao nakuomba uushike kwa mikono miwili ukifanya kazi na Waingereza na Wamarekani kwa pamoja, nao ni to table. Uingereza, kuliweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe sasa. Bunge letu limefuata njia hiyo, ndiyo maana tuna hati za kuwasilisha mezani. Marekani, kuliweka jambo mezani ni kuliweka kando. Winston Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita ya Pili ya Dunia, alisimulia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu na kwa ukali juu ya waraka mmoja, Waingereza wakitaka uwe tabled kwa sababu ni wa haraka, Wamarekani wakikataa kwa sababu hiyo hiyo. Wote walikuwa wanataka kitu kimoja.

Misemo ya kufanikiwa haina hatari kubwa, maana ukikosea kidogo hakuna kontena linalokwama. Mingi ni ya baharini, na kwa mimi niliyelelewa Tanga na babu aliyefanya kazi kwenye majahazi, ilikaa upesi. Make headway ni chombo kusonga mbele. With flying colours ni meli kurudi ikiwa bendera zake bado zinapepea juu, hivyo aliyefaulu mtihani with flying colours amefaulu kwa kishindo. Sisi nasi tunasema mambo yamekwenda mrama, na mrama ni kuyumba kwa chombo. Jihadhari tu na in the doldrums. Ni ukanda wa bahari karibu na ikweta ambako upepo hufifia na meli za matanga zilikwama humo. Kwetu bahari shwari ni habari njema. Kwa nahodha wa Kiingereza aliyekosa upepo ilikuwa balaa. Biashara iliyo in the doldrums imedorora. Babu angeielewa kwa maleleji, majira ya katikati ambapo upepo wa kaskazi umekwisha na wa kusi haujakolea. Win hands down imetoka kwenye mbio za farasi: mpanda farasi ameshaacha wengine mbali, analegeza hatamu na kushusha mikono. Ameshinda bila jasho.

Nilichelewa kutambua kuwa Kiingereza kinauhesabu muda kama fedha. Benjamin Franklin aliandika time is money mwaka 1748 akimshauri kijana mfanyabiashara, na lugha yenyewe imejaa hesabu hizo: muda unatumika, unawekwa akiba, unakopwa, unanunuliwa. Nasi tunasema wakati ni mali, ila tunasema pia wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia. Ndiyo maana buy time usiitafute sokoni. Anayefanya hivyo anavuta muda, kama kipa anayejilaza chini dakika ya 88 timu yake ikiongoza.

Ukishajua haya, bado nakusihi: ukiandika wewe, acha misemo. Soma yao yote, elewa yao yote, lakini barua yako iwe na siku, tarehe, mwezi na saa. Mteja hatakuona hujui Kiingereza. Atakuona mtu wa kutegemewa.

Wiki iliyopita kijana wetu mpya alinijia na simu mkononi, barua imefunguka. "Dada, hawa wanasema wame-push back. Niwaambie madereva waje mapema?" Nikamuuliza barua inataja tarehe gani. Akatazama tena, hapakuwa na tarehe. Akaanza kuniambia anavyodhani, kisha akanyamaza mwenyewe, akavuta kiti, akaanza kuandika kwa mteja kuuliza.