Tofali za kuchoma au za kufungamana?

Mkuu, umeuliza ujenge hiyo nyumba ya Iringa kwa tofali za kuchoma au za kufungamana, ukitaka kupunguza hewa ukaa bila kutoboa mfuko. Mimi ningechukua za kufungamana. Tanuru linakula magogo, halafu tofali za pembeni unazikuta mbichi! Za kufungamana ni udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono na kukomaa bila moto. Zinashikana zenyewe ukutani, kwa hiyo saruji ya kujengea inapungua sana.

Na saruji ndiyo penyewe: inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa duniani, nyingi ikitoka kwenye mawe ya chokaa yanapochomwa, hivyo hubaki hata kiwanda kikibadilisha kuni au makaa.

Ila pima udongo kwanza. Jaza udongo nusu chupa angavu, ongeza maji, tikisa, acha mpaka kesho: mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, changanya mchanga, la sivyo tofali zitapasuka. Tofali zikishatoka mashineni, zimwagilie kivulini angalau siku 7 ili saruji ikomae. Mafundi wengi huliruka hili. Mashine na mafunzo, waulize NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi.

Msingi weka mawe, kama yapo jirani.