Mpwa wangu anauliza kama auze kiwanja aje Buenos Aires

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mbele ya ukoo mzima kama uuze kile kiwanja cha Pongwe uje huku niliko, Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, na mama yako akadakia: mbona mjomba harudi? Nawajibu wote wawili, bila kuficha.

Kila asubuhi nashuka treni pale Once. Ukitoka tu stesheni unakuta uwanja, na katikati yake kaburi kubwa la mawe. Pembeni vijana wa Senegali wametandika saa na miwani chini, jicho moja kwa mteja, jicho jingine kwa polisi. Aliyelala mle ni Bernardino Rivadavia, rais wa kwanza wa nchi hii. Nimesoma sana habari zake, maana naye aliijua ughaibuni.

Alizaliwa mjini hapa 1780, akaoa binti wa aliyekuwa makamu wa mfalme wa Hispania. Wenyeji walipoung'oa utawala wa Hispania 1810 alikuwa upande wao, na mwaka uliofuata akawa katibu wa serikali ya watu watatu. Ni serikali hiyo iliyopiga marufuku kuingiza watumwa, Aprili 1812, ingawa waliokuwa watumwa tayari waliachwa vilevile. Wapinzani wake walimwita Daktari Chokoleti kwa sababu ya rangi yake. Umeniuliza kuhusu rangi yetu: nyumba ninazokwenda kufundisha Kiingereza huniambia nchi hii haijawahi kuwa na weusi. Kumbe mwaka 1810 karibu theluthi ya watu wa mji huu walikuwa wa asili ya Afrika. Neno lao hilo huniuma kuliko tusi.

Urais aliupata 1826 na hakuumaliza hata mwaka mmoja na nusu. Katiba yake ililimbikiza madaraka Buenos Aires, majimbo yakaikataa. Tena kulikuwa na vita na Brazili kugombea nchi ambayo leo ni Uruguay. Mjumbe wake akasaini mkataba wa kuiachia Brazili, watu wakawaka, akajiuzulu. Ukaja uhamisho, Ulaya. Mwaka 1834 alirudi kwa meli, akafika bandarini kwao kabisa, serikali ikamkatalia kukaa. Akavuka mto hadi upande wa Uruguay, kisha Brazili, na huko Rio akamzika mkewe. Akafia Cádiz mwaka 1845, katika Hispania ileile aliyopigania kuachana nayo. Aliacha wasia mwili wake usirudishwe Buenos Aires. Waliurudisha 1857.

Dada, yeye alifungiwa mlango na wengine. Mimi nimejifungia mwenyewe. Mama alipofariki makaratasi yangu ya ukaazi hayakuwa yametoka, sikuweza kusafiri. Yalipotoka, nikaona aibu kurudi mikono mitupu baada ya miaka yote hii. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Mshahara nalipwa kwa peso, fedha ya hapa, na mwaka 2023 pekee bei zilipanda zaidi ya asilimia mia mbili. Mwenye nyumba alikuwa akinipandishia kodi kabla sijamaliza kuzoea ile ya mwanzo. Ile miezi niliyotuma kidogo mkanuna, nilikuwa nakula mlo mmoja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukija kutafuta kazi, nasema usije. Nimeona wengi waliouza cha kwao wakaishia kutandika bidhaa chini pale kaburini.

Lakini kuna jambo moja ambalo sina haki ya kukuficha. Rivadavia alipokuwa waziri, mwaka 1821, kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Kipo mpaka leo, ni cha umma, na shahada ya kwanza hailipiwi ada. Masomo ni kwa Kihispania, na chakula na kodi utajitafutia; chumba changu ni kidogo, ila tutabanana. Kwa hilo njoo, na kiwanja kibaki.

Nawe dada, wasia wangu si kama wa Rivadavia. Nikifia huku, nirudisheni, nilale karibu na Mama. Lakini kwanza nataka kuja mzima. Desemba naanza kuweka nauli, na nitakuja hata kama begi ni tupu. Huyu kijana naye atafute cheti chake cha kidato cha sita, anipigie picha anitumie.