Usimlipe huyo jamaa wa faili

Acha kwanza, usitume hela! Unataka kuwaonyesha watu wa hosteli ile komedi ya 1975 ya Gaidai, mwongozaji wa Kisovieti, Ne mozhet byt!, yenye stori tatu kutoka kwa mwandishi Zoshchenko, umepata jamaa anauza faili lenye sabtaito, na unauliza huyo Zoshchenko ni nani na uanze na stori ipi kati ya hizo tatu. Hayo baadaye. Huyo jamaa hata salamu yake usipokee.

Mi nilinunua kwa mtu wa aina hiyohiyo nikiwa nasoma Moscow. Nikakodi projekta, nikapika pilau, nikaalika Wabongo na Wakenya, na demu niliyekuwa namfukuzia kakaa mbele kabisa. Stori ya kwanza mwigizaji Pugovkin ni bosi wa duka la ushirika, kaitwa kwa mpelelezi, huku nyumbani mke na shemeji mtu wanajua ndo kaisha, mali itataifishwa, basi wanapiga bei vyombo vyote vya ndani, mke anamtaliki na kuolewa na jirani fasta (Urusi ya miaka ya 1920 talaka ilikuwa chapchap). Halafu mzee huyo anarudi zake, kumbe aliitwa kama shahidi tu! Utamu wote uko hapo. Sasa sabtaito zangu zilikuwa nyuma, mzee kashaingia anashangaa nyumba tupu, maandishi chini bado yanauza vyombo. Ukumbi kimya. Mmoja kaniuliza eti huyu mzee kafiwa? Wakamaliza pilau wakasepa, na demu kasindikizwa na mwenye projekta.

Nikamrudia muuzaji, ananiambia "komedi ni komedi bro, watu wanacheka sura". Sura! Zoshchenko hadithi zake ni mdomo mtupu, watu wa kawaida wanavyobwabwaja, na 1946 wakamtimua umoja wa waandishi, afu wewe unaniambia sura, mwizi mkubwa.

Mosfilm wenyewe, studio iliyoitengeneza, wameweka filamu zao kibao bure YouTube, anzia huko. Na popote utakapoipata sabtaito USIZIPIME mwanzoni, mwanzoni mara nyingi huwa ziko sawa, zinachelewa kidogo kidogo kadri filamu inavyoenda. Ruka mpaka harusi ya stori ya tatu, pale mwigizaji Kuravlyov, bwana harusi, anahangaika kumjua bibi harusi wake mwenyewe maana alizoea kumuona na koti na kofia, uangalie midomo na maandishi. Vikipishana futa, tafuta nyingine.